Kitabu cha Sitini na Nne

Kijiwe chetu cha Ipinda kipo mbele ya lile duka la ushirika lililofungwa, upande inakopita njia ya Matema. Duka lilipokufa, maana siku hizi biashara ni huria na kila mtu anauza cha kwake, lilituachia benchi moja refu lisilo na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakitengenezwi. Mguu wake mmoja ulioza kwa maji ya masika, ukabaki mfupi kwa unene wa kidole gumba, na benchi likawa linatumwagia kahawa mapajani. Leo halichezi. Na hapa niungame mapema, kwa kuwa Mungu ananijua tayari: halichezi kwa sababu chini ya mguu ule kuna kitabu cha shule, na aliyekiweka ni mimi. Nilimtuma mjukuu wangu Doreen aniletee kitabu cha useremala kutoka kabati la shuleni kwao, nisome namna ya kuunga mguu. Kabla sijafungua ukurasa wa kwanza nikakisukumia chini ya mguu, kupima tu umepungua kiasi gani. Benchi likatulia. Nikasema nitakitoa kesho. Kesho hiyo sasa ina mwaka mmoja na miezi minne.

Kijiweni hakuna anayeitwa jina lake. Zebedayo fundi baiskeli anaitwa Redio, kwa sababu redio yake ya betri haizimwi na yeye pia hazimwi. Eliud anaitwa Kwacha, anavuka mto Songwe kila wiki kuleta sabuni na miavuli kutoka Malawi. Mimi Ambilikile naitwa Zaburi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na mdomo wangu umezoea maandiko kuliko mikono yangu. Anayetuvumilia wote ni Keziya, mwenye birika la kahawa.

Siku hiyo, kwenye saa tano na nusu, alikuja Mwalimu Tulinagwe, mke wa mwanangu. Ndiye anayetunza lile kabati la vitabu. Alibeba bahasha ya kaki na daftari, akasimama nyuma ya Keziya, ili Keziya na birika wawe katikati yangu na yake. Kwetu, mke wa mwanao hakukaribii, hakutazami usoni, na jina lako halitoki mdomoni mwake wala kwenye kalamu yake. Wengi wameshalegeza. Mimi sikulegeza, na nakiri kwamba nilipenda kuogopwa.

Tulinagwe: Mugonile.

Alisalimia kwa lugha yetu, upande wa Redio.

Redio: Tugonile, mwalimu. Bahasha hiyo ya nini, umehamishwa?

Tulinagwe: Sijahamishwa. Nimeombewa nafasi ya kwenda Mbeya kusomea ukutubi, miezi mitatu. Nikirudi na cheti, shule inapewa chumba, rafu na vitabu vingine. Gari la elimu limelala Matema, linapita hapa saa sita kukusanya fomu. Isipokuwamo ya kwangu, nafasi inakwenda shule nyingine.

Kwacha: Sasa unasubiri nini?

Tulinagwe: Sahihi ya mwalimu mkuu. Anatakiwa athibitishe kwamba kila kitabu cha kabatini kinajulikana kiliko. Vimeandikwa sitini na vinne. Nikihesabu napata sitini na vitatu.

Kwacha: Andika sitini na vinne, ufunge bahasha.

Tulinagwe: Kazi ya kutunza vitabu niianze kwa kudanganya idadi ya vitabu?

Redio: Nani alikichukua hicho kimoja?

Tulinagwe: Daftari lina tarehe, lina aina ya kitabu. Pa jina la msomaji pana kistari.

Redio: Mwalimu mzima unaandika kistari? Kwa nini hukuandika jina?

Alikaza kanga yake kiunoni, akatazama paa la duka la ushirika. Keziya alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kisha akatabasamu ndani ya birika. Mimi nilipeleka mguu wangu taratibu mpaka ukafunika mguu wa benchi.

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Badala yake nikakohoa.

Kwacha: Kwanza huyo mkutubi ni nani?

Tulinagwe: Mtunza maktaba.

Kwacha: Na mwalimu anafikaje huko mpaka apewe cheti?

Tulinagwe: Awe amefundisha miaka mitatu. Awe ametunza vitabu mwaka mzima na daftari lake. Mwalimu mkuu amsainie, ofisi ya elimu impitishe, aende kozi, afanye mtihani, apewe cheti. Basi.

Tulisikitika. Kijiweni kwetu jambo likiwa rahisi hivyo tunajua tumefichwa.

Redio: Hizo ni hatua za kwenye karatasi, mwalimu. Zipo za ndani.

Kwacha: Zipo. Mimi nimeingia maktaba ya Karonga, kule Malawi.

Keziya: Uliingia kukwepa mvua.

Kwacha: Niliingia. Mkutubi wa kule ana miwani ya kamba, inakaa puani huku chini. Hasomi kwa ile miwani, anakutazama kwa juu yake. Mimi sikuwa nimeshika kitu, lakini aliponitazama nikajikuta narudisha kiberiti changu mwenyewe mezani kwake. Mtihani ndio huo. Wanakuletea mwizi, unamtazama. Asiporudisha, umefeli. Mwalimu, nikuletee miwani ya kamba, wiki ijayo.

Tulinagwe: Gari linapita saa sita, baba.

Redio: Miwani si kitu. Kuna mtihani wa kunyamaza. Wanawafungia chumbani siku tatu, hakuna kusema. Ukipiga chafya unaanza upya. Kuna mwalimu mmoja wa huko juu milimani alikaa wiki tano kwa ajili ya mafua.

Keziya: Wewe ungefeli kabla mlango haujafungwa.

Redio: Ndiyo maana sikuomba. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao, kwa hiyo chakula huko kozini ni cha bure.

Tulinagwe: Tafadhali, baba zangu. Kama kuna mtu anajua kitabu kiliko, aseme tu. Sitauliza kwa nini. Nataka kukiona.

Alisema hayo kwa kulitazama paa. Nilijua anasema na mimi. Tena nadhani paa nalo lilijua.

Na hapa naungama la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Kwa kutaka kumtoa kwenye hesabu, nikafungua mdomo wangu wa mzee wa kanisa.

Mimi: Hesabu ni jambo la kuogopa. Daudi alipohesabu watu, Bwana alileta tauni. Nani ajuaye kama vitabu navyo havikatazwi kuhesabiwa?

Kwacha: Zaburi amesema kweli. Si unaona, kahesabu, kimepungua. Asingehesabu vingekuwa vyote.

Nikasikia haya mpaka kahawa ikawa chungu mara mbili. Neno la Mungu nimelitumia kufunika tope.

Redio: Sasa mimi nitawaambia mtihani wa mwisho, uleule wa kupewa cheti. Anafungwa kitambaa machoni. Anapewa kitabu mkononi. Haruhusiwi kukifungua. Anakinusa, anataja somo.

Keziya: Kitabu kina harufu ya somo?

Redio: Hesabu inanuka chaki. Jiografia inanuka samaki, kwa sababu ya maziwa makuu. Siasa ilikuwa na harufu zamani, siku hizi imefifia.

Kwacha: Na mbuzi?

Redio: Mbuzi gani?

Kwacha: Umesahau mbuzi. Katikati ya mtihani wanaachia mbuzi mwenye njaa chumbani. Mkutubi amwondoe mbuzi bila kupaza sauti, bila fimbo, na mbuzi asile hata jalada. Akila, mkutubi analipa kitabu na mbuzi anapewa cheti.

Redio: Hilo ni kweli, lakini ni kwa cheti cha daraja la kwanza. Na kwa kuwa mambo sasa ni huria, nasikia mwakani atakuja mbuzi binafsi.

Keziya akacheka mpaka akaweka birika chini. Mimi pia nilicheka. Tulinagwe hakucheka. Alifungua daftari, akalifunga, akatazama upande wa Matema. Vumbi la gari lilikuwa halijaonekana bado.

Kwacha: Mwalimu, usihuzunike. Nenda kamwambie mkuu asaini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tulinagwe: Mkuu ndiye anayekataa kusaini, baba.

Kwacha: Basi guu litakuwa la nani?

Nikausogeza mguu wangu zaidi.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mfinyanzi, Mkisi, mgeni kwetu, ametoka pwani ya Matema na vyungu vyake kwa ajili ya gulio. Alitua mzigo kwa Keziya, akaomba kahawa ya kupozea koo. Chungu chake kikubwa akakiweka chini, kikaegama. Akakigeuza, kikaegama tena. Watu wa vyungu hawatazami watu, wanatazama ardhi. Akainama akitafuta kitu cha kukiwekea, macho yake yakatambaa hadi chini ya benchi, yakafika penye kiatu changu.

Mama wa vyungu: Samahani, baba. Hapo kwenye mguu wako, hicho kilichoshikilia benchi ni nini?

Redio: Wapi?

Mama wa vyungu: Hapo.

Redio: Hilo ni benchi.

Mama wa vyungu: Benchi nimeliona. Chini yake.

Kwacha: Kipo siku zote hicho.

Mama wa vyungu: Sijauliza kipo tangu lini. Ni nini?

Redio, ambaye dakika moja tu iliyopita alijua harufu ya Jiografia, akageukia kupandisha sauti ya redio yake. Kwacha akainama kuchungulia, akainuka. Nikamtazama mke wa mwanangu. Alikuwa amegeuka kabisa, ametupa mgongo, kama mtu aliyekuta mkubwa wake anaoga. Ndipo nikaelewa. Alikijua kitabu kiliko, pengine tangu wiki ya kwanza. Anapita hapa kila siku kwenda shule. Alichoshindwa ni kuinama miguuni pa baba mkwe, na kutaja jina ambalo mimi ndiye niliyelifungia. Mwaka na miezi minne amebeba kistari changu daftarini mwake, na leo kistari hicho kinataka kumnyima Mbeya.

Kule njia ya Matema vumbi likaonekana.

Nikasimama.

Mimi: Ni kitabu. Ni cha sitini na nne. Alikiazima Ambilikile.

Redio: Ambilikile yupi?

Mimi: Ni mimi, ndugu yangu Zebedayo.

Redio: Aa. Tumezoea Zaburi.

Tulinagwe hakugeuka. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye kimeza cha Keziya, akaweka daftari limefunguliwa, akaweka kalamu juu yake, akasogea hatua sita. Nikaenda. Pale penye kistari nikaandika jina langu lote, na la baba yangu. Kwenye tarehe ya kurudisha nikaandika tarehe ya siku hiyo. Nikatamani pawe na mahali pa kuandika samahani, lakini safu zilikuwa nne tu.

Nikapiga magoti, nikakishika kitabu, nikavuta. Hakikuja. Nikavuta kwa nguvu zangu zote za uzee. Kikaja, nami nilikuwa nimesahau kwamba Redio na Kwacha bado wamekaa.

Benchi liliinama upande wa duka. Redio alimwangukia Kwacha, Kwacha akalikamata birika ajishikilie, na wote watatu, birika likiwamo, wakafika chini kwa pamoja. Kahawa ikanyweshwa ardhi ya Ipinda. Chungu cha yule mama hakikuguswa.

Nilimpa Keziya kitabu, Keziya akampa mwalimu. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa pembe moja, katikati lina alama ya mguu wa benchi kama muhuri wa serikali. Maandishi ya juu hayakusomeka tena. Tulinagwe alikikung'uta, akakisogeza puani.

Tulinagwe: Tope, kahawa. Na useremala.

Redio, akiwa bado chini: Si niliwaambia wananusishwa?

Ndipo niliposema naye kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu.

Mimi: Mwanangu. Kuanzia leo niandike kwa jina. Na ukinikuta nimekosea, niambie usoni.

Alitazama viatu vyangu, kisha, kwa haraka, uso wangu.

Tulinagwe: Ndaga, baba. Asante.

Akakimbia. Tulimwona amekunja kanga kwa mkono mmoja, kitabu, daftari na bahasha kwa mwingine, anakata kupitia migomba ya nyuma ya shule. Gari la elimu likapita mbele yetu likatufunika vumbi. Tukasikiliza. Likapiga honi shuleni. Likasimama. Lilisimama muda mrefu kuliko wa kupisha ng'ombe. Kisha likaondoka, na muda si muda akaja Doreen mbio, amevaa sare, akasema mwalimu amesema fomu imekwenda na mwalimu mkuu kasaini.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Redio akajikung'uta, Kwacha akatafuta kandambili yake. Tulikaa tena kwenye benchi lililoinama, tumeegemeana kama ndizi za chane moja, mimi nikiwa wa chini kabisa, ambapo ndipo nilipostahili.

Yule mama wa vyungu alitoa kigae kwenye kapu lake, akakiweka chini ya chungu chake, kikatulia. Akatutazama.

Mama wa vyungu: Kile kitabu ni cha useremala?

Mimi: Ndiyo, mama.

Mama wa vyungu: Mmekikalia mwaka na zaidi. Kinasemaje kuhusu mguu mfupi?

Redio alimtazama Kwacha. Kwacha alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Keziya, anyooshe mkono atumiminie. Keziya aliinua birika, akaligeuza juu chini, na halikutoa hata tone.