Sigara ya Umeme Isiyoisha Chaji

Ndani ya basi la jioni, mwashi alimwonyesha shemeji yake sigara mpya ya umeme. "Ile ndogo ya kuanzia ilikuwa inazima saa sita mchana. Hii inamaliza siku mbili."

"Si ulisema unataka kuacha?"

"Naacha, shemeji. Polepole."

"Ile ikizima, angalau kifua kilikuwa kinapumzika mpaka urudi nyumbani kuichaji. Sasa nani atakipumzisha?"

Mwashi alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu. Nyuma yao fundi cherehani, hoi kwa uchovu, alifumba macho akamwombea mtu asiyemjua: chaji iishe upesi.

Basi liliposimama, mwashi alishuka wa kwanza. Kitaa cha kijani cha sigara kiliwaka mdomoni mwake kabla mguu wake wa pili haujagusa chini.