Mama Kunegunda Haule, na Ndoo Aliyoidai Kampuni (1940–2001)

"Msaada? Msaada gani? Mmwage uchafu wenu mtoni, halafu mtuletee bomba mseme mmetusaidia!"

Ndivyo marehemu Kunegunda Haule alivyofoka mbele ya wageni waalikwa, mwaka 1996, siku ya kuzindua bomba la Maposeni. Kibao kilisomeka MSAADA WA KAMPUNI. Akagoma kukinga maji, na kina mama wote wakagoma naye.

Marehemu alizaliwa hapa Maposeni tarehe 3 Machi 1940, binti wa Mzee Leo na Mama Oliva. Alisoma Peramiho hadi darasa la nne. La tano lilimshinda baba yake kwa ada, si yeye kwa akili.

Mwaka 1962 alifunga ndoa na Yohanes Mbawala, fundi baiskeli. Siku ya posa alimuuliza, "Ukiingiza matope ndani, nani atafagia?" Yohanes akajibu, "Mimi." Na kweli alifagia, hadi alipofariki mwaka 1988.

Tangu 1974 marehemu alikuwa mpishi wa kiwanda cha ngozi. Kilikuwa cha umma. Lori lake lilibeba wagonjwa wetu na hakuna aliyeiita hisani. Mwaka 1993 kikauzwa kwa kampuni binafsi. Mama akapunguzwa kazi, lori likaacha kubeba wagonjwa, maji machafu yakaelekezwa mtoni, watoto wakatoka vipele. Tulipolalamika, tukagawiwa kofia na fulana.

Mama akavaa kofia yake, akachota ndoo ya maji yale yanayonuka, akaitua juu ya meza ya Meneja Nassoro.

"Shikamoo mama. Nini hii?"

"Marahaba. Chai yenu hiyo, kunywa."

"Mama, maji ni kazi ya serikali."

"Kwani serikali ndiyo inayoloweka ngozi?"

Akaondoka, ndoo akaiacha. Tangu hapo, kila walipokutana ilikuwa, "Ndoo yangu, Bwana Meneja!"

Basi siku ile ya bomba, Nassoro aliona ndoo zote tupu, akaita mchoraji. MSAADA likafutwa, likaandikwa WAJIBU. Ndipo Mama akakinga, vigelegele vikafika barabarani. Mwaka uliofuata kiwanda kilichimba mabwawa ya kutulizia uchafu, na mto ukapona. Kampuni zilizofuata zilikuta swali linazisubiri: "Huo msaada au wajibu?" Wasomi wana jina refu, uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Mama aliuita kufagia.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1999. Alilazwa hospitali ya Peramiho mwezi Julai mwaka huu, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2001.

Ameacha watoto wanne, Devota, Joachim, Benigna na Urban, wajukuu kumi na mmoja, na bomba ambalo halijakauka.

Jana Bwana Nassoro alifika msibani, mwanaume mzima na koti lake, ndoo kichwani. Ni ileile, imejaa maji ya bomba. Akaitua pembeni ya jeneza. "Mama, ndoo yako hii."

Maji hayo ndiyo yaliyotumika kukoroga zege la kaburi hili. Bwana Nassoro, hudaiwi tena. Na wewe Mama, lala kwa amani, umeshinda.