Ivor Windvogel na Shauri la Povu

Mchungaji, mjane wetu Glynis, ndugu, majirani, na mafundi mliofunga gereji zenu asubuhi hii, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya Ivor Desmond Windvogel, kaka wa mama yangu, kwa kadiri yanavyoweza kuthibitishwa, na pale yasipothibitika nitasema hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe asingenivumilia nifanye vinginevyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1958 katika mtaa wa South End, Port Elizabeth, mji ambao sasa tunauita Gqeberha, akiwa mtoto wa tatu wa Cedric na Muriel Windvogel. Kitambulisho chake kinasema tarehe 19, lakini bibi Muriel alisema 17, na familia imeona kwamba shahidi aliyekuwepo ana uzito kuliko karani ambaye hakuwepo. Mwaka 1969 walihamishwa kwa amri ya serikali ya ubaguzi wa rangi wakaletwa hapa Gelvandale, na nyumba yao ikabomolewa, jambo ambalo halihitaji ushahidi mbele ya hadhira hii.

Alisoma hapa mtaani hadi mwaka 1974, kisha akaingia chuo cha ufundi Januari 1976, akapata cheti cha ufundi wa injini Novemba 1978. Simulizi kwamba alisimamishwa shule kwa kufungua injini ya pikipiki ya mwalimu mkuu halijathibitishwa, kilichothibitika ni kwamba pikipiki ilifunguliwa na mtu, na kwamba ilipofungwa tena iliwaka vizuri zaidi. Kuanzia Februari 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha magari, idara ya kupima injini, akafanya kazi humo miaka ishirini na mitano.

Jumamosi tarehe 15 Desemba 1984, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Glynis Abrahams, wakajaliwa watoto wawili, Jolene, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1986, na Denver, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1989. Kwa ndoa hiyo marehemu alipata pia shemeji, Lucian, mdogo wa Glynis, ambaye baada ya kufiwa na wazazi aliishi kwao, akajifunza ufundi katika uwanja wa nyumba yao, na ni kwa sababu ya Lucian kwamba familia imeniagiza nisimame kidogo katika Pasaka ya mwaka 1996.

Mwaka huo marehemu alikuwa akitengeneza gari lake kwa ajili ya mbio za magari za Jumatatu ya Pasaka. Machi alimpa Lucian, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na minne, kazi ya kubadilisha gasketi ya silinda hedi, ule utando unaoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake ili maji na oili visikutane, injini ya kwanza Lucian kuifunga peke yake, na gari likatembea majuma matatu bila dosari. Kisha marehemu, kwa mikono yake mwenyewe, akafunga supachaja, ile mashine inayozungushwa na mkanda na kuisukumia injini hewa kwa nguvu, akamwaga oili ya zamani, akajaza mpya kutoka kwenye debe kubwa, akimimina hadi kijiti cha kupimia kilipoonyesha imetosha.

Jumamosi ya tarehe 6 Aprili, nyumba ikiwa imejaa wageni waliokuja kula samaki wa siki wa Pasaka, alilitoa gari kulijaribu, likarudi valvu zikigonga kwa kelele, na alipofungua kifuniko cha oili kulikuwa na povu jeupe kama la sabuni ya kufulia. Jirani yetu Neville Draai, ambaye yupo hapa na ameniruhusu nimtaje, alichungulia akamuuliza, "Ivor, hii ni oili au umetupikia kapuchino?" Watu wakacheka, na baada ya kucheka wakahukumu, kwa sababu kila fundi anajua kwamba oili ikiwa nyeupe maji ya rejeta yameingia, na maji yakiingia gasketi imevuja, na gasketi ilikuwa na mwenyewe, Lucian.

Miongoni mwa wageni alikuwepo marehemu Bwana Stoffels, mwenye gereji ambako Lucian alikuwa katika majaribio, na ambaye alikuwa amwajiri rasmi Jumanne baada ya sikukuu. Bwana Stoffels hakupaza sauti, alisema tu kwamba mtu aliyeshindwa kumfungia shemeji yake hedi hatamfungia mteja wake, na kwamba Jumanne Lucian asisumbuke kuja. Lucian aliweka sahani yake chini, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na Glynis anasema hakumwona akila tena siku hiyo.

Hapo marehemu aliuliza swali ambalo wengi wenu mmewahi kuulizwa naye kwa sauti ile ile ya taratibu: "Nani kati yenu ameyaona hayo maji?" Hakuna aliyekuwa ameyaona. Walipendekeza hedi ifunguliwe mara moja, naye akakataa, akieleza kwamba ukishaifungua umeharibu kile ulichotaka kukichunguza, na hutajua kamwe kama gasketi ilikuwa nzima kabla hujaing'oa.

Alianza na rejeta, akaikuta imejaa kama alivyoiacha, lakini akasema hilo halitoshi, kwa kuwa maji kidogo yanaweza kupotea bila kuonekana. Lucian aliporudi akajitetea kwamba oili ilikuwa safi kwa majuma matatu, na marehemu, ingawa alimpenda, alimjibu kwamba hilo nalo halitoshi, kwani msukumo wa supachaja ungeweza kuipasua gasketi iliyokuwa nzima. Ndipo akachukua kikaango cha Glynis, bila ruhusa kwa mujibu wa Glynis, akakipasha moto na kudondoshea tone la ile oili, maana oili yenye maji hurukaruka na kupasuka kwenye moto, na ile haikuruka wala kupasuka, ilitoa moshi tu. Nyingine akaiweka kwenye chupa ya jemu dirishani, na Jumapili walipotoka kanisani povu lilikuwa limepotea lote, oili imekuwa angavu yenye rangi ya asali, chini hakuna hata tone la maji.

Mtu mwingine angeishia hapo na kushangilia. Marehemu alisema wamethibitisha tu kwamba si maji, hawajathibitisha ni nini, na kwamba shutuma isiyopata mwenyewe humrudia yule yule wa kwanza. Kama si maji ilikuwa hewa, na hewa lazima iwe imechapwa ndani ya oili na kitu. Akaimwaga oili yote na kuipima, na injini ambayo haikupaswa kubeba zaidi ya lita tano ikatoa karibu saba, ilhali kijiti kilikuwa kimeonyesha kiwango sahihi kabisa. Kwa oili nyingi kiasi hicho krankshafti, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, ilikuwa ikizunguka ndani yake na kuichapa kama mayai.

Swali likabaki kwa nini kijiti kilidanganya, na jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Ili kupisha supachaja alikuwa ameondoa bomba ambamo kijiti hupita na kuweka jingine alilolikunja mwenyewe, lenye kuzunguka mbali zaidi, akaacha kijiti kile kile, kwa hiyo kijiti hakikufika chini kilipopaswa kufika, kikasema oili imepungua, naye akaongeza. Lucian hakuwa amegusa kitu chochote katika hayo.

Marehemu angeweza kurekebisha bomba kimya kimya, akaenda kwenye mbio na kusema tatizo limekwisha. Badala yake aliziacha mbio, akawaita tena Jumatatu wote waliokuwepo Jumamosi, Bwana Stoffels akiwa wa kwanza, kwa kisingizio cha kumalizia samaki, na walipokwisha kuketi akasimama kando ya gari akasema, "Hedi aliyoifunga Lucian ni nzima. Bomba nilikunja mimi, oili nilijaza mimi. Aliyemsema hapa, amsafishe hapa." Neville alikuwa wa kwanza kumshika Lucian mkono. Bwana Stoffels alimeza kipande chake cha samaki, akasema, "Basi Jumanne saa moja na nusu. Ukichelewa usinipe hadithi ya povu." Lucian alifika saa moja, kwa ushahidi wake mwenyewe, ambao haujapingwa.

Inadaiwa kwamba gari hilo lilishinda kila mbio za mwaka uliofuata, dai ambalo familia haiwezi kuliunga mkono, kikombe kilichopo mezani kwa Glynis ni cha nafasi ya tatu.

Marehemu aliacha kazi kiwandani tarehe 30 Septemba 2004, na mwezi uliofuata akafungua gereji na shemeji yake, ambaye kwa sharti la marehemu alikuwa ndiye fundi mkuu. Kwa miaka kumi na saba walibishana kila siku, wakala pamoja kila siku, na aliyewapita barabarani akawasikia wakicheka hatahitaji nimweleze kama marehemu alikuwa mtu mwenye furaha.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika. Alimuuliza daktari amejuaje, daktari akamwonyesha picha, akaitazama kwa muda mrefu na kukiri kwamba hiyo inatosha. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, Glynis akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mke, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliopika na kuleta viti, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na mafundi wote wa Gelvandale. Tulimwomba Lucian aseme neno leo, akatujibu kwamba hana la kuongeza: "Mimi jina langu alilisafisha yeye mbele za watu, nikiwa sina wa kunisemea. Mwacheni apumzike, mimi nitambeba hadi kaburini."

Pumzika kwa amani, Ivor. Hakuna hapa anayekudai maelezo.