Phelister wa Mowlem na Kihispania cha Mgonjwa

Kaeni vizuri, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto. Mwenye watoto wa kelele awatoe nje wakacheze. Mimi ni Shamis, mtoto wa Majengo, na leo nina marehemu ninayetaka mumsikie mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa.

Jina lake Phelister Nakhumicha. Majirani walimwita Mama Vivian. Aliishi Mowlem, hapa Nairobi, akauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kariobangi, na akajua Kihispania. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Muuza omena, aliyeacha shule ya msingi huko Kimilili, alijua Kihispania. Si kingi. Kile cha kuanzia tu, cha habari za asubuhi na naomba maji. Lakini alikifanyia kazi ambayo mimi, nawaambia ukweli, sijui kama ningeiweza.

Phelister alizikwa mwezi uliopita, mwezi wa nane mwaka huu wa tisini na tisa. Alikuwa na ukimwi. Binti yake Vivian ameniambia nilitamke neno hilo wazi, kwa sababu mamake hakulificha. Basi nimelitamka. Anayetaka kuzima redio azime, sisi tunaendelea.

Turudi mwaka wa tisini na tatu. Phelister ana mume, Job Wafula, kibarua katika kiwanda cha sabuni. Job akaugua. Akakonda, akatoka vidonda, akashindwa hata kujigeuza. Na majirani je? Ah! Majirani walijua kukwepa. Mwenye ploti alimkataza Phelister kuogea bafu la wote. Ndugu zake Job walikuja, wakasimama mlangoni, wakaacha sukari, wakaenda zao.

Aliyeingia ndani ni mmoja tu. Ni Sista Remedios, mtawa kutoka Hispania. Mama wa makamo, mfupi, mkali, na viatu vya mpira. Kina mama wa Kariobangi walimwita Sista Reme. Alizunguka kwenye nyumba za wagonjwa na beseni lake. Kiswahili chake kilikuwa cha kubomoa, lakini alikibomoa kwa sauti kubwa bila haya. Siku ya kwanza alimwangalia Job akamwambia, "Mzee, wewe nanuka. Mimi naosha." Job akacheka. Phelister alikuwa amesahau mumewe anachekaje.

Sista Reme alimwosha Job kila wiki. Alimwosha mpaka alipokufa, na siku hiyo alisaidiana na Phelister kumfumba macho. Baada ya matanga Phelister alichukua beseni akamfuata. Asubuhi anauza omena, mchana anaosha wagonjwa na Sista. Korogocho, Dandora, Kariobangi. Walikwenda hivyo miaka mitatu.

Halafu mwaka wa tisini na sita, Sista Reme akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi wote, mkono na mguu. Na lugha zikamtoka, wasikilizaji. Kiswahili kikaenda. Kiingereza kikaenda. Alibaki na Kihispania peke yake, nacho kikitoka kwa shida, neno hili leo, neno lile kesho.

Sasa nani atamwelewa? Katika nyumba ya masista alikuwa Mkisii mmoja na Mhindi mmoja. Padri mmoja Mhispania alikuja, akampaka mafuta matakatifu Sista akiwa hajitambui, akarudi kituoni kwake kaskazini. Kule kwao Hispania waliahidi kwamba mtu atakuja. Watu wakangoja. Hakuja mtu.

Kina mama wa jumuiya ya kanisa wakapanga zamu. Mkubwa wao alikuwa Mama Jacky, jina lake Wakiuru, mama mwenye sauti ya kuongoza rozari bila kipaza sauti. Nimezungumza naye wiki hii. Wanawake wale walimpenda Sista, hilo msiwe na shaka nalo. Walimlisha uji. Walimbadilisha nguo. Walimlaza kwa upande wake mzima, wa kushoto, wakasema ule mgonjwa upumzike. Na kila alipofumba macho akasema maneno yake, walipiga magoti.

"Alikuwa anasema kitu kimoja tu," Mama Jacky ameniambia. "Me duele, me duele. Anasema na machozi yanatoka. Sisi tukajua anasali. Sista si ni mtu wa sala? Tukawa tunajibu Amina."

Ebu shikeni hapo. Anasema, wanajibu Amina.

Phelister naye alijibu Amina pamoja na wenzake. Lakini hakutulia. Alimwambia Vivian, "Huyu mama alimwosha baba yako. Haiwezekani akae hapa na hakuna mtu wa kuongea naye. Kama yeye hawezi kurudi kwa Kiswahili, mimi nitamfuata huko aliko."

Akamwendea Walter, fundi wa redio pale Kariobangi, katikati ya wale wachomeaji vyuma. Walter alikuwa na sanduku la kaseti za wazungu waliohama. Humo ndani wakapata moja ya Kihispania, masomo ya wanaoanza. Masomo yenyewe yalikuwa ya watalii. Mtu anafika, anasalimia, anatafuta stesheni ya treni, anaagiza samaki. Na maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, ambacho Phelister hakukijua. Basi Vivian, msichana wa darasa la nane, akawa mkalimani. Kaseti inasema kwa Kiingereza, Vivian anageuza kwa Kiswahili, mama anarudia kwa Kihispania huku akichagua mawe kwenye omena.

"Buenos días." Habari za asubuhi.

"¿Dónde está la estación?" Stesheni iko wapi?

"Una mesa para dos." Meza ya watu wawili.

"Tulicheka sana," Vivian ananiambia. "Nikamuuliza mathe, sasa hii ya meza utampelekea Sista ya nini? Akasema, wewe geuza tu, kazi ya kuchagua ni yangu."

Akamtafuta pia Muasya, mkazi wa Tassia, aliyewahi kuwa dereva wa Wahispania waliochimba visima Turkana. Muasya alijua Kihispania cha kazini tu. "Despacio", yaani polepole. "Aquí", hapa. "Más abajo", chini zaidi. Alimpa yote aliyokuwa nayo. "Nilimwambia, Mama Vivian, hii ni lugha ya kutafuta maji ardhini, si ya mgonjwa," Muasya anakumbuka. "Akasema nimpe hivyo hivyo."

Siku moja alasiri, mama na binti wako kwenye kaseti. Wamegeuza upande wa pili. Somo la siku hiyo, mtalii ameingia duka la dawa. Kaseti ikasema, "Me duele la cabeza." Vivian akageuza kama kawaida: "Kichwa kinaniuma."

Phelister akaacha kuchagua, ungo mapajani. Akasema, "Rudisha." Vivian akarudisha. "Rudisha tena. Hilo la mwanzo, bila kichwa."

"Me duele," kaseti ikasema.

"Inaniuma," Vivian akasema.

Ungo ulianguka, wasikilizaji wapendwa. Omena ilimwagika sakafuni na Phelister akapita juu yake. Alikimbia kutoka Mowlem mpaka nyumba ya masista na kanga moja, mikono ikinuka samaki. Alikuta kina mama wako magotini. Sista anasema, wao wanajibu Amina.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Anaumwa! Siku zote hizi anatuambia anaumwa!"

Akainama kitandani. Alikuwa na lile neno la stesheni, "dónde", wapi. Akauliza, "¿Dónde, Sista?" Sista akafumbua macho, akamtazama. Phelister akaanza kupapasa begani. "¿Aquí?" Hapa? Sista akatikisa kichwa. Mbavuni. "¿Aquí?" Akatikisa kichwa. Ndipo akatumia lile neno la visima. "¿Más abajo?" Chini zaidi? Sista Reme akaanza kulia kwa sauti. "Sí," alisema. "Sí, sí."

Wakamgeuza, despacio, polepole. Nyongani, upande wa kushoto, ule mzima, ule waliomlazia kwa huruma yao, palikuwa na kidonda. Kidogo kwa juu, lakini chini kimechimba mpaka karibu na mfupa. Upande uliokufa ganzi haukuwa na maumivu. Maumivu yote yalikuwa kwenye upande huu, na ndio waliompumzishia.

Mama Jacky ameniambia alitoka nje akatapika. "Si harufu," akasema. "Ni zile Amina zangu." Nimemwambia pole, mama.

Daktari akaja, kidonda kikasafishwa, wakapata dawa ya maumivu. Hakikupona. Kilikuwa kimeshakwenda mbali. Lakini tangu siku hiyo Sista Reme alikuwa na mtu wa kumwambia. Phelister alikaa naye kila mchana. Aliuliza, "¿Dónde?", akajibiwa. Alipomgeuza alisema, "Despacio." Na maneno yalipoisha, maana yalikuwa machache, alimtolea yale ya watalii. Alimletea uji wa wimbi, akauweka kwenye stuli, akasema kwa heshima zote, "Una mesa para dos." Sista alicheka kwa nusu ya mdomo mpaka uji ukamwagikia kifuani.

Aliishi hivyo hadi Novemba. Neno lake la mwisho lilikuwa la kawaida kabisa. Alisema, "Frío." Phelister alilijua kutoka kwenye kaseti, somo la hali ya hewa. Baridi. Akamfunika blanketi, akalala kando yake, akamkumbatia. Sista Remedios alikufa amesikika. Hilo ndilo Phelister alilolitaka, na alilipata.

Baada ya hapo Phelister alikuwa mkali, jamani! Alizunguka na wahudumu wapya, akikuta mtu amefungua kitabu cha sala kabla hajamgusa mgonjwa, atamkemea mbele ya watu. "Uliza kwanza," alikuwa akisema. "Uliza anaumwa wapi. Mungu atangoja." Kuna waliomchukia kwa hilo. Wengine walimwita mama Mhispania kwa kejeli. Hakujali.

Sasa nifike pagumu. Mwaka huu ugonjwa wa Job ukamshika Phelister mwenyewe. Mwezi wa saba akapata homa ya uti wa mgongo. Hospitali moja ikamlaza, kisha ikamrudisha nyumbani kwa sababu hakuna lililobaki la kumfanyia. Akili ikaanza kupotea. Na siku mbili za mwisho, wasikilizaji wapendwa, Kiswahili kikamtoka. Alirudi kwa lugha aliyozaliwa nayo. Alirudi kwa Kibukusu.

Na Vivian hajui Kibukusu.

Vivian ni mtoto wa Mowlem. Amekulia kwenye ploti yenye Mluo, Mkamba, Mkikuyu, Msomali. Nyumbani Kiswahili, nje Sheng, shuleni Kizungu. Hakuna aliyekosea. Ndivyo tunavyolea watoto huku kwetu, tena tunajisifu.

"Alikuwa ananiangalia machoni," Vivian ameniambia. "Haongei na ukuta, anaongea na mimi. Anasema kitu, anangoja nijibu. Nikaleta maji, akakataa. Nikaleta blanketi, akaitupa. Nikamgeuza, akalia. Nikamwambia, mathe, please, sema na Kiswahili. Anarudia tu. Mimi Kibukusu najua mulembe. Nikasema mulembe. Ningesema nini?"

Mulembe ni salamu. Ni amani. Mtoto wa watu alimsalimia mamake anayekufa, kwa sababu ndilo neno alilokuwa nalo.

Mchana wa siku ya pili alitoka akakimbia mlango kwa mlango. Mama wa jirani, Mluo. Mzee wa ghorofa ya juu, Mmaragoli, ambaye lugha yake inakaribiana na Kibukusu, alikuja akainama, akashika neno moja moja, akasema hana hakika, asije akamdanganya mtoto. Mwishowe Vivian akapata mama Mbukusu anayekaanga samaki kule stendi. Yule mama aliacha karai motoni wakaja mbio. Walipofika, Phelister alikuwa amenyamaza. Bado anapumua, lakini amemaliza kusema. Yule mama alikaa kitandani akamwita kwa Kibukusu, tena na tena. Natamani niwaambie kwamba alifumbua macho. Hakufumbua. Jua halijazama, Phelister alikuwa ameondoka.

Kwa Vivian, kwa mama mzazi wa Phelister huko Kimilili, kwa kina mama wa jumuiya na wauza omena wote wa Kariobangi, mimi Shamis na wenzangu hapa studioni tunasema poleni. Poleni sana. Mungu awape subira, na ampumzishe Phelister mahali ambapo hahitaji mkalimani.

Nasi tuliobaki, tufikiri. Wewe uliye Umoja, wewe wa Tassia, wewe wa Dandora. Mama yako akirudi kesho kwenye lugha ya kwao, nani nyumbani kwako atamjibu? Usinijibu mimi. Mtazame huyo aliyekaa naye hapo sebuleni.

Vivian yuko Kimilili sasa, kwa bibi yake, anayemwita Kukhu. Nilipompigia simu kwa jirani yao kuomba ruhusa ya kipindi hiki, aliniambia anajifunza Kibukusu. Kukhu ni mzee, magoti yamemwisha, na anataka wajifunze kwa utaratibu, waanze na salamu.

"Nimemwambia salamu ninayo," Vivian akasema. "Nimemwambia anianzishe na 'unaumwa wapi'."