Gari Limesimama, Abiria Wanaendelea

Mwaka ule wa vita vya mashifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya, Amino alipanda lori la Wajir amepakata kibuyu cha maziwa ya ngamia, ya kumpelekea binti yake aliyejifungua. Kando yake Yarow, mchuuzi wa mbuzi, alikuwa akimchokoza dereva Shee. "Mzee, unakimbizwa na nani?"

"Bomu la barabarani halimpati mwenye mbio. Likilipuka, nishapita."

"Mashallah, bingwa! Haya, kitendawili."

"Tega."

"Gari limesimama, abiria wanaendelea na safari."

Shee akafikiri. Mguu wake haukufikiri, ulizidi kukanyaga mafuta. "Umenishinda. Chukua mji, nakupa Wajir."

"Nimeupokea. Utanifikisha, au nitatokea kwenye kioo cha mbele?"

Amino akakumbatia kibuyu. Mara askari wakaonekana wamefunga njia. Shee akakanyaga breki, lori likasimama. Maziwa yakaendelea mpaka kwenye kioo.