Anachimba Nini Huyu Sungura?

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kunyolea, mkabala na karakana ya Fundi Makochi. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, tunakunywa kahawa watatu: mimi, Gia Tano, aliyeendesha malori miaka thelathini mpaka mgongo ukagoma, na Redio, ambaye hakuna habari mjini isiyoanzia kwake. Fundi huwa wa nne. Siku hiyo alivuka barabara na mto wa kochi kwapani, akautupa miguuni petu. Katikati ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi mbili, sponji imetapakaa nje.

— Mali ya mteja hii, akasema. Mimi basi. Nimemchoka.

— Nani tena?

— Sungura wa mama.

Sote tulimjua. Mzee wake alipofariki, Fundi alimleta mama yake aishi naye hapo nyuma ya karakana. Bi mkubwa akawa hali chakula vizuri, haongei, anashinda akitazama ukuta. Wiki tatu nyuma, Fundi, kwa kukosa la kufanya, akamnunulia sungura mweupe sokoni. Jioni ile sungura akapiga chafya, na mama akacheka. Tulimsikia mpaka hapa benchini.

— Juzi kachimba mto, akaendelea Fundi. Nikamhamishia stoo, chini kuna udongo. Tangu hapo ni kona moja tu, krr, krr, krr. Nafukia, anafukua. Nimeweka tofali, kapita pembeni. Sasa kuna jamaa anakuja saa nne kumchukua.

— Akamfuge? nikauliza.

Fundi akatazama ndani ya kikombe.

— Akamchinje.

— Na mama umemwambia?

— Unadhani kwa nini nimekaa hapa?

Gia Tano akakohoa.

— Usifanye haraka, bwana. Huyo anatafuta maji. Nililala porini na lori bovu siku tatu, nikaona panya anachimba chini ya tairi. Nikachimba na mimi. Maji!

— Ulichimba radieta yako, akasema Redio. Maji gani stoo? Masikio yale ni antena, nakwambia. Anasikia ardhi inavyonguruma. Kuna tetemeko linakuja.

— Lini? nikauliza.

— Hilo bado hajasema.

— Basi kuna kitu kimefukiwa, akasema Gia Tano, hakukubali kushindwa. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa bahili. Bahili haweki vitu vyake kabatini.

— Hamjui kitu nyie, akasema Redio. Kuna mwenzake upande wa pili wa dunia naye anachimba. Watakutana katikati.

Nilicheka hadi kahawa ikanipalia. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama saa.

Hapo ndipo tulipomwona dada mmoja amesimama kando, kabeba kiti kilichochanika. Alikuja kutafuta fundi, na inaelekea alikuwa ametusikiliza kitambo.

— Samahani kaka zangu. Huyo sungura ni jike au dume?

Redio akamtazama Gia Tano. Gia Tano akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Fundi.

— Ni... sungura, akasema Fundi.

Dada akaweka kiti chini.

— Nyumbani tulifuga. Kuchimba ni kawaida yao, ndivyo walivyoumbwa. Mpe boksi la udongo acheze humo, atakuachia mito yako. Lakini akiwa jike, akang'ang'ania kona moja tu... Hujamwona akibeba nyasi mdomoni?

— Nilidhani anakula.

— Alikuwa anatafuna?

Fundi akaacha kikombe benchini. Alishavuka barabara, nasi nyuma yake.

Stoo tulimkuta mama amechuchumaa karibu na kona, mkono mdomoni.

— Shh. Msimtishe.

Shimo lilikuwa limetandikwa nyasi kavu, na juu ya nyasi manyoya meupe, laini kama pamba. Sungura alikuwa amejinyonyoa kifuani, ngozi inaonekana. Alichukua fungu jingine mdomoni, akaingia nalo, akalipanga polepole kwa pua.

— Alinunuliwa akiwa na mimba, akanong'ona yule dada.

— Anawatandikia wanawe, mama akasema. Na mimi nikiwa na mimba yako wewe nilichana shuka langu jipya, la harusi, nikakushonea nepi. Baba yako akafoka, alipofika mlangoni akacheka peke yake.

Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Fundi alikuwa amechuchumaa kando yake, anauma mdomo.

Simu yake ikalia. Akaipokea hapohapo, kwa sauti ya chini.

— Ndugu yangu, usije. Hapana, sijampa mtu mwingine. Nisamehe tu. Kuna mzazi humu ndani.

Kisha mama akageuka, akatuonyesha mlango kwa kidole, na sisi watu wazima tukatoka mmojammoja tukinyata.