Tarehe Moja ya Mwezi wa Nane Ilivyoniokoa na Theluji

Bwana asifiwe, ninyi wa ng'ambo hii! Bwana asifiwe, ninyi mliovuka mto kwa pirogi kutoka Lubunga, na nguo zenu bado zina maji! Narudia tena, Bwana asifiwe, kwa sababu wale wa viti vya nyuma hamkuitika.

Ndugu zangu, mimi ni Georgine, mtoto wa Mama Véro, yule anayeimba sauti ya pili na kuumaliza wimbo kabla ya wengine. Nimesimama kushuhudia. Wengine wamesimama hapa wakaeleza jinsi Mungu alivyowaponya tumbo, jinsi alivyowafungulia ndoa. Mimi Mungu aliniokoa na theluji. Chekeni, chekeni tu. Mbele kidogo mtanyamaza.

Ninatumika kwa Papa Kasereka, mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini, yule wa magasin yenye mlango wa kijani. Anatengeneza sabuni ya mawese, inaitwa Asubuhi. Wengi wenu mmeoga nayo leo, ninawanusa kutoka hapa. Kazi yangu ni kuitangaza kwenye Facebook na WhatsApp. Kila mwezi nilipaswa kumpa mpango: siku fulani picha hii, siku fulani maneno haya, kufuatana na siku kuu na majira ya mwaka. Mnafikiri ni kazi ya kuchezea telefone, hata mama alifikiri hivyo. Bon, keti siku moja na karatasi tupu, ujaze mwezi mzima wa sabuni! Sabuni inaosha. Haya, umeshasema. Kesho utasema nini?

Tena si kazi tu. Papa yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, tukamzika hapa hapa Kisangani. Bila mshahara wangu, mimi na mama tungerudi Isangi kwa tonton, mdogo wake papa, mtu mwema mwenye nyumba iliyojaa watu. Na kaburi la papa lingebaki huku peke yake katika majani. Mama alikuwa ameshasema yeye hamwachi mume wake kwenye majani. Donc, ndugu zangu, kila nilipokaa kutafuta neno juu ya sabuni, nilijua ni kaburi la papa ndilo nimelishika mkononi.

Sasa sikieni nilichofanya. Nilitafuta kwenye internet, nikakuta kalenda iliyokwisha tayarishwa, ya bure, yenye siku kuu zote za mwaka na mawazo ya picha. Nilicheza dansi chumbani. Kumbe kalenda ile imetengenezwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya watu wa Ulaya, na mimi sikutazama hilo. Nilianza kufuata tu, mwezi kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza kalenda ilisema baridi kali. Nikaweka picha ya kipande cha Asubuhi juu ya theluji nyeupe, na maneno matamu chini yake, kwamba baridi isikuzuie kunawa. Siku ile jua lilikuwa linachoma mpaka mbwa wa jirani alijiingiza chini ya gari akakataa kutoka. Papa Kasereka aliniita. Aligeuza telefone yake upande huu na upande ule, kisha akauliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha:

"Georgine, hii neige iko inaanguka wapi? Ku Makiso ao ku Simi-Simi?"

Nilisema nimesikia, papa. Lakini sikuwa na kitu kingine, nikaendelea. Mwezi wa tatu nikatangaza kwamba maua yameanza kuchanua, wakati wa kusafisha nyumba umefika. Hapa kwetu maua yaliacha lini kuchanua? Mwezi wa tano nikawatakia mama wote siku kuu njema. Nilijua hiyo haiwezi kunishinda, nani asiyempenda mama? Mama mmoja wa Kabondo akajibu chini ya picha, mbele ya watu wote, kwamba mama yake yeye anangoja tarehe moja ya mwezi wa nane kama wazazi wote wa Kongo, sasa huyu wa mwezi wa tano ni mama ya nani? Ndugu zangu, watu walicheka page nzima. Walikuwa wanaitana waje kuniona.

Mwezi wa saba nikaweka watu wamelala kwenye mchanga kando ya bahari. Bahari! Sisi na mto wetu mkubwa namna hii! Papa Kasereka hakuuliza tena inaanguka wapi. Aliniambia kwamba kuna watu fulani Kinshasa wanaofanya kazi hii vizuri, na kama mwezi wa nane utaanza kama ile mingine, atawapa wao. Hakupaza sauti. Alinipa hata soda. Nilikunywa ile soda nikilia, na mpaka leo soda ya nanasi siiwezi.

Nilikuja hapa katika kikundi chetu nikaomba mniombee. Mnakumbuka? Mlinizunguka, mkaweka mikono juu ya kichwa changu mpaka shingo ikaniuma. Nilimwomba Mungu anishushie kalenda mpya kutoka mbinguni. Na imani yangu ilikuwa kubwa, kwa sababu njiani kurudi nyumbani nilikuwa naangalia telefone kila hatua, kama vile ingeingia kwa WhatsApp. Hakikuingia kitu, ila mama akiomba nimnunulie kitunguu.

Basi ikafika tarehe moja ya mwezi wa nane, siku kuu ya wazazi. Mnajua kwetu ilivyo. Asubuhi tunakwenda kwa wazazi waliolala, tunalima majani, tunafagia kaburi. Mchana tunarudi kula na wale waliobaki. Kwenye kalenda yangu ya Ulaya siku ile ilikuwa tupu, hakuna hata neno moja. Na ilikuwa ndiyo siku ya kwanza ya mwezi wangu wa mwisho! Nilikaa kitandani na telefone, nikamwambia mama aende makaburini peke yake, mimi lazima nipate kitu cha kuweka kwa Papa Kasereka, la sivyo tutafunga mizigo.

Mama alikuwa amekwisha kujifunga kitenge kiunoni. Aliniangalia.

"Papa yako haiko ku Facebook," akasema. "Kamata jembe."

Nilikamata jembe. Kwa mama yangu hata ninyi mngelikamata.

Makaburini watu walikuwa wamejaa, kila familia na panga lake, na watoto wanachota maji, na kina mama wanauza karanga pale mlangoni. Majani yalikuwa yamepanda juu ya papa mpaka msalaba hauonekani. Sikutegemea hivyo. Nilidhani mwaka mmoja ni mfupi. Nililima nikilia, mama akilima na kumpasha papa habari za mtaa mzima, nani ameoa, nani amehamia Basoko, nani amenenepa. Tulipomaliza, udongo ulibaki mwekundu na safi, na mimi moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.

Kwetu mtu hatoki makaburini bila kunawa. Mama akatoa kwenye kikapu ndoo ndogo, na kipande cha sabuni amekifunga katika plastiki. Ilikuwa Asubuhi. Mimi hata sikujua kama ameibeba! Tukanawa. Familia ya kaburi la pili wakaomba, nao wakanawa, wakawapitishia wa kaburi la tatu. Ndugu zangu, niliangalia sabuni ya Papa Kasereka ikitembea kutoka kaburi hadi kaburi, kutoka mikono ya wazee hadi mikono ya vijana, watu wasiojuana wakimiminiana maji na kuulizana wewe umekuja kwa nani. Iliporudi kwetu ilikuwa imebaki nyembamba. Mama akailaza juu ya jembe ikauke.

Hapo ndipo nilipotoa telefone. Nilipiga picha ya jembe lenye udongo, sabuni juu yake, na mkono wa mama pembeni. Niliandika nilichokuwa nacho moyoni tu: "Tumemaliza kulima kwa papa. Sasa tunanawa, twende tukule na mama." Nikatuma. Sikutaja bei, sikutaja magasin.

Tulirudi tukala lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, nikasahau telefone ndani ya kikapu. Tuliposikia kikapu kinanguruma, mama alidhani ni panya. Ndugu zangu! Watu walikuwa wanajibu na picha zao. Mikono yenye udongo, majembe, ndoo, watoto wenye povu mpaka kwenye viwiko. Mimi nimetoka kwa mama. Mimi nimetoka kwa kaka. Na yule mama wa Kabondo aliyenicheka mwezi wa tano aliandika kwamba sasa anaona page hii imepata wazazi. Haleluya! Nilipiga magoti pale pale kati ya sahani.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Kasereka. Nilimkuta ameketi nyuma ya kontuari, telefone mkononi, picha ya jembe imefunguka. Hakusema habari ya Kinshasa, na mpaka leo hajaisema tena. Akasema:

"Papa yangu amelala ku Lubero, kule kwetu Kivu. Tangu vita, sijafika. Pengine majani imeshamufunika."

Nilimmiminia chai.

Tangu siku ile kalenda yangu siichukui tena kwa watu wa mbali. Kila mwezi ukikaribia mwisho, ninapanda pirogi, ninawauliza kina mama wanaovuka na mizigo: mwezi ujao kwenu kuna nini? Wananiambia. Maji ya mto yatapanda, nguo zitatoka na matope. Mbinzo, wale viwavi wa kula, zinaanza kuuzwa, mikono itanuka moshi. Shule zinafunguliwa, mashati meupe yako wapi? Na ule mwezi wa tatu wa wanawake na vitenge vyao vipya, usiniambie habari ya maua! Mambo yote yale yalikuwa hapa hapa, na mimi niliomba yashuke kutoka juu. Mungu alinijibu kwa kunipa jembe.

Lakini sijafika mwisho, na hapa nawaomba mnyamaze kama nilivyosema. Tarehe moja ya mwezi wa nane iliyopita, mimi na mama tulifika makaburini mapema. Tukamkuta Papa Kasereka amesimama mlangoni, amevaa buti, ana jembe jipya lenye alama ya bei bado kwenye mpini. Kando yake katoni ya sabuni kwa watu wote. Alimsalimia mama, akatazama chini kama mtoto wa shule, akaomba kama tunaweza kumpa sehemu kidogo ya kulima, kwa sababu kule kwake hawezi kufika.

Mama alimshika mkono, akampeleka mpaka kwenye kaburi la papa yangu, akamwonyesha upande wa miguu.

"Anzia huku, Papa," akasema. "Huku iko kwa papa yako."

Mzee yule alilima akilia, na mama akamsimulia papa yangu kwamba ana mgeni.

Ndugu zangu, asante kwa mikono yenu juu ya kichwa changu, shingo imepona. Wewe uliyekaa hapo na moyo mzito, unayefuata mwaka wa watu wengine na wako huuoni, mwamini Mungu wetu. Siku yako anaijua, na pengine ameshaiweka pale unapokataa kwenda. Na kama wazazi wako wamelala mbali, barabara imekatika, usikae nyumbani tarehe ile. Njoo kwetu na jembe lako. Nafasi iko, na sabuni utaikuta.